Maji ya Rejeta Yanaisha, Chini Hakuna Tone

SWALI: Habari zenu mafundi. Pikapu yangu ya dizeli inachemsha nikipanda mlima na mzigo. Kila baada ya siku mbili naongeza kama nusu lita ya maji, lakini chini sioni tone. Asubuhi inatoa moshi mweupe. Ninunue rejeta mpya?

JIBU: Usinunue bado. Mulika kwanza pampu ya maji na maungio ya hozi, kwa sababu tone linaloangukia injini ya moto hukauka na kubakiza alama nyeupe tu. Pakiwa safi, mshukiwa mkuu ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibio kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku.

Nusa moshi. Moshi ukichoma macho na kunuka dizeli, ni mafuta ambayo hayajaungua. Hapo kagua plagi za kupasha moto na nozeli (vinyunyizio vya dizeli). Ukiwa na harufu tamutamu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na usikatike hata injini ikishapata moto, hayo ni maji ya rejeta yanayoungua.

Kisha pima asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa ya moto usiguse kizibo cha rejeta: maji yaliyo chini ya presha yatakurukia usoni. Jaza maji hadi mdomoni, washa, usikanyage mafuta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea baada ya dakika tatu, maji yanatokota kama yaliyo jikoni ilhali ukiyagusa ni baridi, basi gesi ya mwako inapenya kutoka kwenye silinda. Zima, rudisha kizibo, washa tena, ushike hozi ya juu. Ikikakamaa ndani ya dakika mbili na bado ni baridi, presha hiyo haikuletwa na joto.

Chomoa pia kijiti cha oili. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Ila ute kidogo chini ya kifuniko cha oili si ushahidi peke yake. Safari fupifupi huacha mvuke hapo. Tafadhali usishushe hedi kwa sababu ya ute huo tu.

Vipimo vikithibitisha, egesha gari. Ukiendelea kuliendesha, asubuhi moja stata inaweza kupiga mara moja na kugoma, kwa kuwa silinda imejaa maji, na maji hayagandamiziki. Ukilazimisha, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda, na kazi ya gasketi inageuka kuwa kazi ya injini nzima.

Hedi ikishuka, simama hapo uone ikipimwa kwa rula ya chuma na filagaji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo). Aluminiamu hutanuka kuliko chuma cha bloku, ndiyo maana hedi hupinda injini ikichemsha. Pengo likizidi takriban milimita 0.1, ipelekwe mashine ikasawazishwe, la sivyo gasketi mpya itaungua vilevile. Boliti zikazwe kwa toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza), kuanzia katikati kwenda nje.

SWALI: Taa ya oili inamulika injini ikiwa ya moto, nikikanyaga mafuta inazima. Sasa nasikia mlio wa ko-ko-ko chini. Je, oili nzito itasaidia?

JIBU: Itauficha mlio, beringi (vikombe laini ambamo shafti ya injini huzungukia) ziendelee kulika. Oili ikiwa kwenye kipimo, ondoa sensa ya presha na ufunge geji ya mkono mahali pake. Injini nyingi za pikapu, zikiwa za moto, hutakiwa kuonyesha angalau bar 2.5 kwenye mizunguko 3,000. Ikiwa chini ya hapo, pasua filta ya oili na ukunjue karatasi yake juani: vichembe vya rangi ya shaba vinatoka kwenye beringi za konrodi. Usiendeshe tena.

Wapo wanaolegeza mipaipu ya nozeli mmoja mmoja ili kujua silinda inayogonga. Hilo ni la pampu za zamani tu. Kwenye komoni reli (mfumo wa dizeli wa injini za kisasa) presha hupita bar 1,000, na dizeli hiyo hutoboa ngozi.

SWALI: Moshi wa bluu ni ringi za pistoni?

JIBU: Moshi ukitoka tu unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, anza na sili za valvu. Ukitoka muda wote chini ya mzigo, legeza kifuniko cha oili injini ikinguruma: kikirukaruka huku moshi ukipuliza, pima kompresheni. Injini yenye tabo (turbo, kipuliza hewa), kagua tabo kabla ya kufungua chochote.