Soma chaja, usisome boksi

Masika imeshika na meza yangu imejaa maswali ya wasomaji kuhusu mashine za kufyekea majani. Wiki hii naweka kando friji na pampu za maji, walioniuliza hizo wavumilie, tufyeke kwanza.

Fundi shikamoo. Kiwanja changu ni 30 kwa 40, ila ukitoa nyumba, banda la kuku na pale nilipomwaga zege inabaki kama mita 600 za mraba za majani, mengi ni ukoka, na kule pembeni ya ukuta ndo kuna magugu yanapanda mpaka kiunoni mvua zikianza. Nina mashine ya kufyekea ya petroli mwaka wa nne huu, kuiwasha sa hivi ni vita, navuta kamba mpaka bega linauma, mke wangu haiwezi kabisa na kijana wa kazi ikimzimikia anaiacha hapohapo kwenye majani anaondoka. Nimeona za betri, muuzaji mmoja ana ya 88V betri mbili ndani kwa laki na sabini, mwingine ana ya 18V, tena bila betri wala chaja, anataka karibu laki tatu. Sasa 88 na 18 wapi na wapi? Nishauri kabla sijatupa hela. *Baba Neema, Mbezi*

Marahaba Baba Neema. Hiyo 88 naijua vizuri maana na mimi ilinipata, mwaka juzi, nikarudi nyumbani najisifu nimemkomoa muuzaji, kumbe mimi ndo nimekomolewa. Ilikata ukoka dakika tisa ikaanza kupumua kama mzee anapanda ngazi.

Sikia. Betri hizi ndani zina seli za lithiamu, ziko kama betri za tochi ila nene kidogo, na kila seli ni volti 3.6 ya kawaida, ikijaa kabisa inafika 4.2. Seli tano zikiunganishwa mstari mmoja ni 18V ya kawaida, zikijaa ni 21V. Ndo maana kuna kampuni zinaandika 18V na zingine zinaandika 20V kwa betri ileile ya seli tano, hamna aliyedanganya hapo, mmoja kasoma katikati mwingine kasoma ikiwa imejaa. Seli kumi mstari mmoja ni 36V, wengine wanaiita 40V. Kumi na nne ndo zile wanaziita 56V. Ili upate 88V za kweli unahitaji seli ishirini na zaidi, na betri ya hivyo ni nzito kama tofali, huwezi kuikuta imekaa kiganjani kwa laki na sabini tena ziko mbili.

Sasa utajuaje pale dukani? Usisome boksi, soma chaja. Geuza chaja tafuta maandishi madogo, sehemu ya umeme unaotoka. Ukikuta 21V basi betri ni ya seli tano, hata boksi liandikwe 88, 98 au 128. Ukikuta 42V ni seli kumi kweli. Chaja haiwezi kudanganya kirahisi maana ikitoa volti zaidi ya hapo betri inaungua. Kwaiyo hiyo 88 yako na ile 18 ya laki tatu huenda volti zao ni zilezile, tofauti iko kwenye mota na kwenye ukubwa wa betri.

Ukubwa wa betri ndo neno ambalo wauzaji hawalitaji. Angalia ampea saa, zinaandikwa Ah, zizidishe na volti unapata wati saa, hiyo ndo "lita" ya betri. 18V mara 5Ah ni wati saa 90. 36V mara 4Ah ni 144. Mashine ya kufyekea ikikata majani laini inakula kama wati 250 mpaka 400, kwaiyo ile ya 90 inakupa robo saa mpaka dakika ishirini, ya 144 inafika nusu saa ukiwa na mkono mwepesi. Dakika hizo ni za kukata kweli, sio za kusimama unaongea na jirani, maana uzuri wa betri ukiachia kitufe hamna kinacholiwa.

Na kwenye Ah wanadanganya pia. Dawa yake ni mzani. Seli moja ya aina ya kawaida ina karibu gramu 45 hadi 50, na betri ya 18V yenye 5Ah kwa kawaida ina seli kumi, mistari miwili ya tano tano, kwaiyo seli peke yake zinakaribia nusu kilo kabla hujaweka plastiki. Ukiishika iko nyepesi kama simu mbili alafu imeandikwa 6Ah, irudishe tu kwa upole. Mimi sa hivi nikienda kununua naomba mzani wa duka la jirani la mchele, wananicheka, sawa tu.

Haya, tuje kwako. Kwa ukoka wa mita 600 ukikatwa kila wiki mbili, betri inakufaa kabisa, na mama Neema ataiwasha bila kumwita mtu. Ila kwa saa nzima ya kazi betri moja haitoshi, panga mbili za 5Ah na ukubali kwamba nusu ya uwanja ni leo na nusu kesho, au unakata, unaweka kwenye chaja, unakunywa chai. Chaja ya ampea 4 inajaza betri ya 4Ah kwa zaidi kidogo ya saa moja, ile ndogo ya ampea 2 ni mara mbili ya hapo. Gharama ya Luku usiiwaze hata kidogo, betri ya wati saa 90 unaijaza mara tisa hivi ndo unamaliza unit moja.

Kitu kingine angalia mota imekaa wapi. Zile nyepesi mota iko chini kabisa karibu na uzi wa nailoni unaokata majani, hazina mhimili wa kuzunguka ndani ya bomba, ni nzuri kwa ukoka na kingo za njia ila kisu cha chuma usiweke hata kama kinaingia. Zile ambazo mota iko juu, mhimili unapita ndani ya bomba mpaka kwenye gia, ndo zinavumilia kisu na magugu magumu. Bei yake nayo iko juu, mota na bei vimepanda pamoja. Uliza pia kama mota ni ya brashi za kaboni au haina brashi, isiyo na brashi inakula betri kidogo na haichemki haraka.

Na kama nyumbani tayari una drili au grainda ya betri ya kampuni fulani, angalia kwanza kama kampuni hiyohiyo ina mashine ya kufyekea inayotumia betri ileile. Ndo maana yule wa pili anauza bila betri, hajakuibia, anajua wateja wake wengi betri wanazo tayari. Makita kwa mfano ana betri ya 18V inayozunguka kwenye vifaa vingi mno, na mashine zake kubwa zinabeba mbili kwa pamoja zinakuwa 36V. Unanunua betri kwanza kichwani, mashine inafuata.

Yale magugu ya kiunoni ukutani sasa. Hapo betri ndogo itakutesa, uzi utajiviringa na mota itachemka. Usiiuze ya petroli. Ugonjwa wa mashine yako naukisia kutoka hapa nilipo, ni kabureta, mafuta yaliyochanganywa na oili yamekaa ndani tangu vuli yakageuka gundi. Mpelekee fundi asafishe kabureta, abadilishe kile kingozi chake cha ndani na plagi, alafu kila ukimaliza msimu mwaga mafuta yote na uiache iungurume mpaka ijizime yenyewe. Iweke kwa ajili ya ukutani mara mbili tatu kwa mwaka. Ile 88 mwache nayo muuzaji.

Habari fundi, dada yangu yuko California anakuja mwezi wa saba, anasema huko mashine za petroli zimepigwa marufuku kila mtu anatumia betri, anataka kuniletea ya 56V, eti huko ni bei rahisi. Apakie tu kwenye begi? *Mama Junior, Moshi*

Mama Junior, habari nzuri. Dada ana ukweli nusu. California walipitisha sheria 2021, na kuanzia 2024 injini ndogo mpya za mashine za bustani zinazouzwa kule zinatakiwa zisitoe moshi kabisa. Mwenye yake ya zamani bado anafyeka nayo, hajanyang'anywa.

Shida yako ni ndege na tundu la ukutani. Betri za lithiamu kwenye ndege ya abiria zinapimwa kwa wati saa zilezile nilizomweleza Baba Neema. Chini ya 100 anabeba bila maneno mengi, kati ya 100 na 160 lazima aombe ruhusa ya shirika la ndege na asizidishe mbili, zaidi ya 160 haipandi. Sasa betri ya 56V yenye 5Ah ni wati saa 280. Hiyo itabaki uwanja wa ndege dada akiwa analia. Na betri iliyochomolewa haiendi kwenye begi la chini, inakaa naye ndani ya ndege, vyuma vyake vimefunikwa na selotepu visigusane na funguo.

Tuseme amekuletea ya 18V, wati saa 90, imepita. Bado kuna chaja. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu 230, na chaja nyingi za vifaa vya kule zimeandikwa 120V tu. Sio kama chaja ya simu inayokula kote. Ukiichomeka Moshi utasikia mlio mmoja tu na harufu, basi. Itabidi ununue transfoma ya kushusha umeme ya wati 300 hivi au utafute chaja ya 230V ya kampuni hiyo hapa. Na garantii ikisumbua utaipeleka wapi?

Kama una ndugu Dubai au Muscat mpango unakaa vizuri zaidi, umeme wao uko 220 mpaka 240 na plagi yao ni ileile yetu ya miguu mitatu bapa. Sheria ya ndege haibadiliki lakini. Mimi ningemwambia dada alete viatu vya Junior, mashine tununue hapa.

Kaka fundi mambo, mimi ndo kazi yangu kufyeka, nina wateja kumi na kitu, kwa siku napiga viwanja vitano mpaka sita, petroli inanimaliza na mteja mmoja analalamika kelele mtoto halali. Nihamie betri? *Kijana wa Bustani, Arusha*

Poa mdogo wangu. Bado, usihame. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu unit 9 za Luku, injini ndogo inapoteza sehemu kubwa kama joto na moshi, lakini hata kile kidogo kinachobaki kwenye tangi la nusu lita ni sawa na betri saba nane za wati saa 90. Kwa viwanja sita ungetembea na gunia la betri, na hela ya hilo gunia unanunua pikipiki ya mkononi. Umeme ukikatika mchana ndo umelala njaa.

Ila yule wa mtoto msikilize. Nunua moja ndogo ya betri kwa wateja wa aina hiyo, wenye ukoka mfupi na watoto wachanga, mwambie bei imepanda kidogo kwa sababu ya ukimya. Wengine kwenye mtaa huohuo watakuja wenyewe kuuliza. Hapo ndo utajua kama soko lipo, kabla hujauza ile inayokulisha.

Betri usiiache kwenye keria ya pikipiki juani. Ikiwa ya moto toka kazini iache ipoe kwanza ndo uichaji, lithiamu ikichajiwa ikiwa juu ya nyuzi 45 inazeeka kabla ya wakati. Na mwezi usio na kazi ihifadhi ikiwa nusu, sio imejaa pomoni wala imekauka.

Fundi, uzi umeisha na dukani kwetu hamna, jirani kaniambia niweke waya wa breki ya baiskeli, anasema unakata mpaka mti. *Msomaji, Tanga*

Unakata mpaka mguu pia. Waya ukigonga jiwe unakatika kipande, kinaruka kama risasi, na plastiki ya kujikinga haikizuii. Uzi wa nailoni ukikatika unachapa tu ngozi. Soma kwenye kichwa cha mashine unene unaotakiwa, za betri ndogo nyingi ni milimita 1.6 au 2, za petroli 2.4 na kuendelea, usizidishe unene kwenye betri maana mota inalemewa na chaji inaisha haraka. Uloweke uzi kwenye maji usiku mmoja kabla ya kuuvingirisha, ule uliokaa dukani miaka unakuwa mkavu unakatika hovyo.

Na betri ichomoe kabla hujashika hicho kichwa, usiseme nimeachia kitufe inatosha. Vaa miwani, ndala acha mlangoni, watoto wakae mita 15. Jirani naye mita 15.