Maswali ya wasomaji: Alama za Spitfire

SWALI: Naunda modeli ya Spitfire Mk I (toleo la kwanza la ndege hiyo ya kivita ya Uingereza) ya skeli ya 1:72, yenye herufi PR za kikosi cha 609, wakati wa mapambano ya angani ya Uingereza mwaka 1940. Nina karatasi tatu za dekali (alama za kubandika) na kila moja ina duara, ile alama ya jeshi la anga la Uingereza, la ukubwa wake. Niamini ipi? (H.M., Tanga)

JIBU: Usiamini hata moja kabla hujashika rula. Duara la ubavuni la miezi ile, lile lenye ukingo wa njano, kwa kawaida lilikuwa na kipenyo cha inchi 35, yaani milimita 889. Gawa kwa 72, unapata 12.3. Pete zake zote zina upana sawa, na kipenyo cha kitovu ni sawa na upana huo, kwa hiyo kitovu chekundu ni sehemu moja ya saba ya kipenyo chote, chini kidogo ya milimita 1.8. Juu ya bawa hakuna nyeupe wala njano, ni nyekundu na buluu tu, inchi 56, ambazo kwenye modeli yako ni milimita 19.8. Mistari ya mkiani iliyokuja kuwa kanuni ina kimo cha inchi 27 na upana wa 24, kila rangi inchi 8. Kwako ni 9.5 kwa 8.5, nyekundu ikitangulia mbele upande wowote wa ndege. Ukikuta tofauti ya nusu milimita, achana nayo. Ya milimita 2 ni kubwa: kwenye ndege yenyewe ingekuwa karibu inchi 6.

Kwenye tarehe ndiko wengi wanakoteleza. Ukingo wa njano uliamriwa Mei 1940, na ndege zilizokuwa tayari kazini zilipakwa vikosini juu ya duara la zamani, ndiyo maana picha nyingine zinaonyesha ukingo mwembamba kuliko kanuni. Mkanda wa rangi ya Sky (kijani iliyopauka) mbele ya mkia, wenye upana wa inchi 18, pamoja na pua ya propela ya rangi hiyohiyo, ni agizo la mwisho wa Novemba 1940. Karatasi ikikupa mkanda huo kwa ndege ya Agosti, iweke kando. Na ukiona pete nyeupe nyembamba kama uzi, hilo ni duara la 1942 na kuendelea. Halina kazi kwenye Mk I yako. Kuhusu maduara ya chini ya bawa, mwaka ule ukubwa na mahali vilibadilikabadilika mno. Hapo picha ya ndege yako ndiyo hakimu.

SWALI: Picha za Spitfire yenye namba P7350 inayoruka hadi leo zinanichanganya, kila moja ina herufi tofauti. Zipi sahihi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kila moja ni sahihi kwa ndege fulani, ila si lazima iwe hiyo. P7350 ni Mk IIa (toleo la pili), na mwaka 1940 ilikuwa katika vikosi vya 266 na 603. Wanaoitunza huipaka upya kila baada ya miaka kadhaa kwa heshima ya marubani mbalimbali. Imewahi kubeba QJ za kikosi cha 92 na EB za kikosi cha 41. Ndege iliyotunzwa inakufundisha umbo la bawa na mistari ya mabati, lakini kwa alama haikupi ushahidi.

Ushahidi ni picha ya wakati ule ikiambatana na namba ya ndege. Madaftari ya shughuli za vikosi yamo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, katika kundi la AIR 27. Tafuta kurasa za Fomu 541, zinazoorodhesha safari, marubani na mara nyingi namba za ndege. Herufi za ubavuni kwa kawaida hazimo, kwa hiyo ni picha tu inayounganisha PR-fulani na namba fulani. Karatasi ya dekali inayokupa herufi bila picha, basi huenda mtengenezaji amekisia, na inafaa ujue hivyo kabla ya kuikata.

Tahadhari moja kuhusu picha nyeusi na nyeupe: filamu ya othokromatiki haisikii nyekundu. Humo njano hutoka karibu nyeusi na buluu hupauka. Kuna watu wameapa kwamba ndege fulani haikuwa na ukingo wa njano, kumbe ulikuwapo, umejificha kwenye weusi.

SWALI: Dekali zangu zikikauka zinang'aa pembeni kama magamba ya dagaa. Nyingine za zamani zimegeuka manjano. (S.K., Mombasa)

JIBU: Mng'ao huo ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso mkwaruzo, na dekali hukaa juu ya vilima vyake, hewa ikibaki mabondeni. Paka kwanza vanishi ya kung'aa, iache ikauke siku nzima. Loweka dekali kwenye maji vuguvugu sekunde 20 hadi 30, itoe, isubiri dakika moja juu ya tishu mpaka iteleze yenyewe. Paka Micro Set (maji ya kusaidia dekali kushika) mahali pake, telezesha dekali, kamua maji kwa pamba ya masikio kutoka katikati kwenda nje, kisha Micro Sol (maji ya kulainisha dekali) juu. Itakunjamana hadi utake kulia. Usiiguse! Itajinyoosha. Mng'ao ukibaki, toboa kwa ncha ya sindano na urudie Micro Sol. Ikikauka, futa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye maji, ndipo upake vanishi isiyong'aa.

Za manjano zitie kwenye mfuko angavu wa plastiki uliofungwa vizuri, uso ukitazama jua, ubandike kwenye kioo cha dirisha kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Kisha jaribu kialama kimoja usichokihitaji majini. Kikivunjika, paka karatasi yote Liquid Decal Film (maji yanayokauka kuwa utando juu ya dekali). Baada ya hapo kata kila alama peke yake ukifuata ukingo wake, maana sasa karatasi nzima ni utando mmoja.

SWALI: Naweza kuchapa mwenyewe nyumbani? (Msomaji, Kigali)

JIBU: Herufi nyeusi, ndiyo. Duara, hapana: printa ya kawaida haina wino mweupe, na njano juu ya kijani huzama. Herufi za kijivu za Spitfire zikate kwenye masking tepu kwa wembe mpya, uzipake rangi.