Cheti gani uanze nacho kwenye kazi za macho? Nilichojifunza nikipita COA na COT

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaotaka kuingia kwenye hii kazi ni hili, nianze na cheti gani? Na mara nyingi mtu anauliza akiwa tayari ana orodha ya vifupi vya majina ya vyeti mkononi, COA, COT, CPO, ABO, NCLE, anataka nimwambie ipi kubwa ipi ndogo na ipi inapatikana haraka. Mimi huwa namrudishia swali, siku nzima kazini unataka kuwa chini ya nani na mikono yako iwe inafanya nini? Manake kila kundi la hivi vyeti limefuata aina yake ya kazi. Kuna vya wanaomsaidia daktari bingwa wa macho, yule anayetibu magonjwa na kupasua, kuna vya wanaomsaidia optometrista anayepima uoni na kuandika miwani na kufuatilia afya ya macho, halafu kuna vya mafundi miwani, watu wanaochukua ile karatasi ya vipimo na kuigeuza miwani inayokaa sawa usoni kwa mtu. Ukishajua unataka kukaa wapi kati ya hizo sehemu tatu, kazi ya kuchagua imebaki ndogo sana.

Niweke wazi pia kwamba hapa naongelea kazi za usaidizi na utekinisheni. Kuwa optometrista au daktari bingwa ni safari nyingine ya miaka mingi chuoni, na cheti chochote nitakachotaja hapa hakikupi ruhusa ya kumwambia mgonjwa ana ugonjwa gani. Unapima, unaandika, unamkabidhi daktari. Kama hicho kitu kinakukera toka sasa hivi basi fikiria kwenda kusomea udaktari wenyewe, nasema kwa nia njema kabisa.

Mimi nilienda njia ya daktari bingwa. Vyeti vyake vikuu vinatolewa na IJCAHPO, taasisi iliyoanza Marekani mwaka 1969 na sasa inapokea watahiniwa wa nchi nyingi, na viko vitatu vinavyofuatana: COA ya msaidizi, COT ya tekinisheni, na COMT ambayo ndio ya juu kabisa kwa upande wa vipimo. Uzuri wa COA ni kwamba sio lazima uwe umepita chuo cha macho, kuna njia ya mtu aliyemaliza sekondari, akasoma kozi ya kujisomea mwenyewe, na akawa na masaa ya kazi chini ya daktari bingwa ambaye anamsainia. Hilo la kusainiwa watu wanalipita haraka wakati ndio kiini cha hii njia. Bila daktari wa kukusimamia huna pa kuanzia hata uwe umesoma vitabu vyote, kwa hiyo kama bado hujapata kazi tafuta kwanza kazi yoyote kwenye kliniki ya daktari bingwa, hata mapokezi, hata kuandika kumbukumbu za mgonjwa, ukishakuwa ndani waambie unataka kujifunza chumba cha kupimia.

Kazi ya COA ukiisikia inaonekana rahisi, unachukua historia ya mgonjwa, unapima uoni kwa chati, unaangalia mboni, unapima presha ya jicho, unasoma miwani yake kwenye lensometa, unatia matone. Lakini utaalamu wenyewe uko kwenye mpangilio na kwenye kujua kwa nini. Uoni unapimwa kabla hujamulika jicho kwa taa kali na kabla ya matone. Mboni unaziangalia kabla ya matone ya kuzipanua, sababu ukishazipanua ile taarifa imepotea kwa siku hiyo, na ile taarifa inaweza kuwa ndio dalili pekee kwamba mshipa wa fahamu wa jicho moja una shida. Kabla ya kupanua pia unaangalia kama nafasi ya mbele ya jicho ni finyu, kwa sababu kwa mgonjwa wa namna hiyo matone yanaweza kupandisha presha ghafla na ukamweka kwenye hatari. Nilipoanza kuelewa hayo ndio nikaanza kuipenda COA kama elimu, kwa sababu mtihani wake unakulazimisha kujua sababu za vitu ambavyo kazini unaonyeshwa tu kwa haraka haraka, "fanya hivi, afu hivi", na hakuna mwenye muda wa kukaa akueleze.

Presha ya jicho kwa mfano. Kila mtu anajua kawaida ni kati ya milimita za zebaki 10 na 21, sawa. Lakini ile tonometa ya Goldmann, kifaa cha kupimia presha ya jicho, inakuonyesha nusu duara mbili za kijani na unatakiwa uzungushe mpaka kingo zake za ndani ziguse, na kama umeweka jichoni rangi ya kupimia nyingi zile nusu duara zinakuwa nene na namba inatoka kubwa kuliko ukweli. Konea (kile kioo cha mbele cha jicho) ikiwa nene nayo inapandisha namba, konea nyembamba inaishusha, na mgonjwa mwenye konea nyembamba anaweza kuondoka na namba nzuri huku glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, inamla taratibu. Sasa wewe ndio unayeandika hiyo namba kwenye faili, na daktari anaamua dawa akiitazama. Ndio maana huwa nakasirika kidogo nikisikia mtu anasema COA ni cheti cha kupandishia mshahara tu, hapana, kuna macho ya watu mwisho wa hiyo namba.

COT ni hatua nyingine kabisa. Kuna mtihani wa maswali ya kuchagua na kuna sehemu ya ujuzi ambayo unaifanya kwenye kompyuta kwa programu inayoiga vifaa, unafanya lensometa, keratometa (kupima mkunjo wa konea), retinoskopi (kupima miwani kwa kumulika mwanga jichoni na kuangalia unavyorudi), uwanja wa kuona, mwendo wa macho, presha, na kurekebisha kipimo cha miwani. Nilichokiona mimi ni kwamba mtu mzoefu kabisa kazini anaweza kuhangaika pale kwa sababu kazini mkono umeshazoea njia za mkato na ile programu inataka hatua zote kwa mpangilio. Retinoskopi hasa, kuna kliniki ambazo mashine inafanya kila kitu na tekinisheni hajawahi kushika retinoskopu kwa mkono, hajui mwanga ukienda pamoja na mkono maana yake nini na ukienda kinyume maana yake nini. Kama kliniki yenu iko hivyo, omba ile retinoskopu iliyolala kabatini, fanya kwa wafanyakazi wenzako mkimaliza wagonjwa, macho tofauti tofauti, mpaka ikae mkononi. Usisubiri mpaka umelipia mtihani.

Kuna kitu kidogo kinachoonyesha vizuri kwa nini nasema chagua unayefanya naye kazi kwanza. Marekani kliniki nyingi za madaktari bingwa zinaandika astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mkunjo sawa pande zote, kwa alama ya kujumlisha na optometrista wengi wanaandika kwa alama ya kutoa. Miwani ileile moja, huku imeandikwa +1.00 +1.00 x 180, kule imeandikwa +2.00 -1.00 x 90. Unajumlisha namba mbili za mwanzo, unageuza alama ya silinda (ile namba ya pili), unazungusha mhimili (ile ya mwisho) nyuzi 90, basi. Ukizoea upande mmoja miaka mingi ukahamia mwingine, kichwa kinahitaji muda kuzoea, na hapo ni hesabu tu bado hatujafika kwenye wagonjwa wenyewe ambao nao ni tofauti. Kwa daktari bingwa utaona mtoto wa jicho, glakoma, retina (pazia la nyuma ya jicho) iliyochanika, mgonjwa anayekuja kudungwa sindano ya jicho kila baada ya wiki kadhaa mpaka mnajuana kama ndugu. Kwa optometrista utaona watu wengi zaidi wenye macho mazima wanaotaka kuona vizuri, watoto wa shule, lensi za kuvaa machoni, miwani ya kompyuta, na katikati yao unamkuta mmoja mwenye tatizo kubwa ambalo lazima lipelekwe mbele haraka.

Ukiipenda hiyo ya pili basi vyeti vyako ni CPO, CPOA na CPOT, vya wasaidizi wa optometrista kuanzia wa mwanzo kwenda juu, vinatoka kwenye tume iliyo chini ya chama cha optometria cha Marekani, AOA. CPO ndio mlango, ukiwa na miezi 6 ya kazi kwenye huduma za macho unaweza kuufanya, na maswali yake ni ya msingi, maneno ya kitaalamu, sehemu za jicho, mapokezi, miwani. Kwa mtu anayetaka kujua kama hii kazi inamfaa kabla hajajitosa nadhani CPO ni mwanzo mzuri sana, na nimeona watu waliotoka hapo wakaenda mbali. Lakini usikichukue kwa sababu tu umesikia ni chepesi halafu moyo wako uko kwenye upasuaji, utajikuta miaka inaenda na kila tangazo la kazi unayoitaka limeandikwa COA.

Upande wa mafundi miwani kuna ABO na NCLE, ni mitihani miwili tofauti, ABO ya miwani na NCLE ya lensi za kuvaa machoni. Kama unapenda kazi ya mikono, hesabu za prizimu, kuchagua fremu inayofaa uso na kipimo cha mtu, na unapenda kuongea na watu bila presha ya chumba cha kliniki, huku ni kuzuri. Angalia sheria za unapotaka kufanyia kazi manake baadhi ya majimbo ya Marekani fundi miwani lazima awe na leseni na mengine hayadai, na cheti na leseni ni vitu viwili, usichanganye.

Halafu kuna vyeti vya ubobezi ambavyo watu wanavikimbilia mapema mno. CRA ya kupiga picha za retina kwa rangi inayodungwa mshipani, OCT-C ya mashine ya OCT inayopiga picha za tabaka za retina, ROUB ya kupima urefu wa jicho kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, OSA ya kusaidia chumba cha upasuaji. Vyote vizuri. Ile ya urefu wa jicho naiheshimu sana kwa sababu ukikosea milimita 1 tu mgonjwa anaweza kutoka na miwani ya karibu dayopta 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lensi) ambayo hakutarajia, na lensi imeshawekwa ndani ya jicho. Ila ushauri wangu ni uwe kwanza na msingi, COA angalau, ndio uchague kimoja kutokana na kitu ambacho kliniki yenu inakifanya kila siku. Kusomea CRA mahali ambapo wanafanya hizo picha mara moja moja ni kujitesa.

Kwenye kusoma sina maajabu. Chukua orodha ya maeneo ya mtihani kutoka kwenye mwongozo wa mwaka husika, sio wa rafiki yako aliofanya zamani, masharti yanabadilika. Kila unachosoma usiku kitafute kesho yake kwa mgonjwa, ukisoma misuli ya jicho basi kesho ukipima mwendo wa macho taja kimoyomoyo ni msuli gani unafanya kazi kila upande anaoangalia. Na muulize daktari wako maswali, wengi wanafurahi, wanaona tu kama sisi hatutaki kujua.

Jambo la mwisho ambalo wengi wanalisahau wakati wa kuchagua ni kukitunza cheti. Vya IJCAHPO unavihuisha kila miezi 36 na unatakiwa uwe na krediti za masomo ya kuendelea, 18 kwa COA, 27 kwa COT, 36 kwa COMT. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyodaiwa zaidi. Kwa hiyo kabla hujasaini popote muulize mwajiri, mnalipia mtihani? mnalipia krediti? mnanipa siku ya kwenda kwenye mafunzo? na daktari gani atanisainia masaa yangu, yuko tayari au ndio mnanipa ahadi? Wakijibu bila kuzungukazunguka hapo ni pa kuanzia, hata kama mshahara wa mwanzo ni mdogo kidogo kuliko kwa jirani. Na krediti zako anza kuzikusanya mwezi wa kwanza baada ya kupata cheti, weka kila karatasi kwenye faili moja yenye jina lilelile lililoko kwenye kitambulisho chako.