Nani aliyewaambia kila mtu anakunywa?

Juzi usiku, nyuma ya bweni, nimewakuta vijana wanne wa mwaka wa kwanza wanapokezana sigara moja. Mmoja alikuwa anakohoa hadi machozi, na kila akimaliza kukohoa anawatazama wenzake usoni kabla hajavuta tena. Sura ile naijua. Wadogo zangu, nawapenda, ila kila mwaka ni yale yale na nimechoka kunyamaza.

1. Wanaoipenda pombe si wengi kama mnavyodhani. Mwaka 1986 watafiti Perkins na Berkowitz walionyesha kwamba wanafunzi huwadhania wenzao wanaukubali ulevi kuliko hali ilivyo. Mwaka 1993 Prentice na Miller wakakuta hayo hayo Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani: mtu mwenyewe hana raha na unywaji wa chuoni, lakini anaamini wenzake wana raha nao. Wanaopiga kelele koridoni saa nane usiku mnawasikia. Waliolala hamwasikii.

2. Sigara ya "kupunguza presha ya mtihani" haipunguzi kitu. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi. Ikianza kuisha unapata wasiwasi, kisha unavuta nyingine ili utulize wasiwasi ulioletwa na ile ya kwanza. Na maji ya shisha hayachuji kaboni monoksaidi.

3. Mlevi asilazwe chali. Hapa naomba mnivumilie.

Nilikuwa mwaka wa pili. Tumemaliza testi, tumejazana rumuni kwetu. Akaingia mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, kijana mpole, amekuja kuomba desa. Nikamkalisha. Akasema, "Kaka, mimi situmii." Ningemwacha, basi. Nikamjazia kikombe cha plastiki, nikamwambia, "Kimoja tu, usituangushe." Kilipoisha nikajaza tena, na tena, bila kuhesabu.

Saa sita usiku ulimi ulikuwa mzito. Tukamnywesha kahawa, tukammwagia maji, tukamlaza chali kitandani kwake, tukamfungia mlango. Tulisema asubuhi itakuwa imemtoka. Hatukujua kwamba ini huondoa pombe kwa mwendo wake lenyewe, kama bia moja ndogo kwa saa, na kahawa haiongezi kasi. Hatukujua pia kwamba iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata mtu akiwa amelala.

Rumumeti wake aliporudi saa tisa alimkuta anakoroma kwa mkwaruzo, matapishi yamejaa mdomoni. Akamgeuza ubavu yakamwagika, akapiga simu kuita gari. Angetutegemea mimi na wenzangu, tungemzika. Alipona, ila testi mbili zilimpita akiwa wodini.

Nilikwenda kumwomba radhi. Mkononi alikuwa bado na plasta ya dripu. Akaniuliza, taratibu, bila hasira: "Kaka, kwani wewe pombe unaipenda?" Nikasema hapana. Hata usiku ule sikuitaka; nilikunywa kwa sababu wenzangu walikuwa wanakunywa. Niliporudi bwenini nikawauliza mmoja mmoja. Wawili kati ya watatu wakaniambia walikuwa wananifuata mimi.

4. Mtu akiwa haamki ukimwita, pumzi zinakatika au ngozi imekuwa ya baridi, mlaze ubavu, ita msaada, ukae naye hadi msaada ufike. Kuogopa kuitwa ofisini baadaye si sababu.

5. Kulewa baada ya kupiga msuli ni kuutupa msuli wenyewe, maana ubongo hupanga uliyoyasoma ukiwa usingizini, na pombe huuvuruga usingizi huo.

6. Ukisema "situmii", usiongeze maelezo. Maelezo ndiyo yanayofungua mjadala.

Na wewe uliyekuwa unakohoa juzi: waulize wale watatu kama wanaipenda ile sigara. Muulize kila mmoja akiwa peke yake.