BS3 haishiki kwa sababu ya Tris

Umeuliza kwa nini BS3, kemikali ya kuunganisha protini, haishiki protini zako zilizo kwenye Tris. Shida ni bafa, yaani huo myeyusho wa Tris unaotuliza pH, si BS3 yenyewe. Kiunganishi hiki hushika amini za daraja la kwanza (vikundi vya NH2), yaani zile za asidi amino laisini na ile iliyo mwanzoni mwa mnyororo wa protini, na Tris nayo imebeba amini ya aina hiyohiyo. Ukiwa na Tris ya milimola 50 dhidi ya protini ya maikromola chache, BS3 yote inaliwa kabla haijafika unakotaka. Ndiyo maana jeli yako, ile ya kutenganisha protini kwa ukubwa, inaonyesha bendi zilezile kana kwamba hujaweka kitu. Wenzako hutumia Tris hiyohiyo, au glisini, kusimamisha mmenyuko ukishakamilika!

Hamishia protini kwenye PBS au HEPES, bafa zisizo na amini ya aina hiyo, pH 7.5 hivi, kisha yeyusha BS3 wakati uleule wa kuitumia. Maji huivunja, na pH ikipanda huivunja upesi zaidi: kwa esta za aina hii, kundi la kemikali ambamo BS3 imo, kwenye pH 7 na nyuzi 0 nusu yake huharibika ndani ya saa 4 hadi 5, ila kwenye pH 8.6 na nyuzi 4 ni dakika 10 tu. Myeyusho uliobaki jana ni wa kumwaga.

Ila kama protini zenyewe ziko ndani ya seli hai, BS3 haipiti utando kwa sababu ya chaji zake. Hapo chukua DSS, kiunganishi kama BS3 ila kisicho na chaji hizo, urefu wake ni uleule, angstromu 11.4, lakini uiyeyushe kwanza kwenye DMSO kavu, yaani kiyeyushi hicho kikiwa hakina maji.