Barua ya msamaha haivuki mpaka

Ijumaa iliyopita, saa kumi jioni na dakika zake, simu ikalia. Kijana wetu wa vifaa, hajafikisha miezi mitatu kazini. "Shikamoo mzee. Malori yamezuiwa mpakani, wanasema barua yetu ya msamaha wa kodi haitoshi." Nikamuuliza, barua ya Hazina ipi? Kimya. Nikajua. Nikakaa kwenye ngazi za ofisi nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Miradi inabadilika majina, mkopeshaji anabadilisha nembo, nyinyi mnakuja na shahada mbilimbili, na kosa ni lilelile. Basi kaeni niwaambie, nyinyi vijana mnaosimamia barabara za kuvuka mpaka. Cheti cha malipo na hati ya kutokuwa na pingamizi mnavijua, sitawafundisha.

1. Soma mkataba wa jirani kabla hujamaliza wa kwako. Barabara ya kuvuka mpaka ni moja kwenye ramani ya ukutani tu. Chini ya lami yake kuna mikopo miwili, wahandisi washauri wawili, Hazina mbili. Mkopeshaji akiwa mmoja ndiyo mnapotea zaidi, maana barua zote zina kichwa kimoja. Omba nakala ya mkataba wa mkopo wa ng'ambo, fungua masharti ya kutolewa kwa fedha za kwanza. Ukikuta yao bado hayajatimizwa, usimwahidi mtu tarehe ya kukutana mpakani.

Hamuamini? Tazameni reli. Ile ya zamani ya kipimo cha mita ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na mwaka 1901 ilikuwa Kisumu, kwa sababu aliyelipa alikuwa mmoja, Mwingereza, na hakuuliza mtu ruhusa (na nani aliyekufa njiani si hoja yake). Hii mpya, sehemu ya Mombasa hadi Nairobi, ilizinduliwa Mei 2017 kwa mkopo wa Exim Bank ya China, na mwaka 2019 ikafika Naivasha. Ikasimama. Uganda nao walikuwa wakisubiri fedha za benki hiyohiyo, na swali la benki likawa hilohilo kila mwaka: Wakenya watafika Malaba, mpakani, lini? Januari 2023 Uganda wakavunja mkataba na mkandarasi wao Mchina, na Oktoba 2024 wakasaini na Yapi Merkezi ya Uturuki. Reli ya mmoja inasubiri saini ya mwenzake. Mkilielewa hilo, nusu ya barua mnazoniandikia hamtaziandika.

2. Msamaha wa kodi. Hapa nivumilieni.

Mpaka wenyewe siutaji, na mradi siutaji, mkosaji yupo na ndiye anayeandika. Mkandarasi alikuwa mmoja, ana sehemu huku na sehemu ng'ambo. Upande wa pili wakaishiwa lami katikati ya wiki nzuri, jua kali, mashine ya kutandaza imesimama. Kwetu depo imejaa, lami ya 60/70 (namba hizo ni daraja la ulaini wake) iliyoshushwa bandarini kwa msamaha wa mradi wetu. Meneja wa mkandarasi akaniambia, bwana, tuazime matanki matatu, tutarudisha. Nikafikiri kidogo. Kidogo sana. Kampuni ileile, mkopeshaji yuleyule, barabara ileile. Nikachapa barua kwa mkono wangu: shehena hii imesamehewa kodi. Nikapiga muhuri. Wallahi nilijiona mwanadiplomasia.

Matanki yakafika mpakani alfajiri, lami ya moto. Aliyenipokea ni dada mmoja wa forodha wa upande wa pili, miwani imeshuka puani, hana haraka. Akaisoma barua yote, mpaka anwani ya chini. "Kaka, hii imetoka kwenu, kwa mradi wenu. Ya Hazina yetu iko wapi?" Nikamtolea hotuba ya Himaya Moja ya Forodha, ule utaratibu wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Himaya moja, sawa. Hazina moja nani kakwambia?"

Nikasema basi turudishe. Hapo ndipo ajenti wetu wa forodha, mtoto wa Majengo anayejua kazi yake, akanivuta pembeni. Mzee, kurudi vipi? Bidhaa iliyosamehewa kwa mradi fulani ukiitoa kwenye mradi huo, msamaha umekufa na kodi inadaiwa nyumbani. Na umetoa kwa barua, yenye muhuri. Kwa hiyo nilikuwa nadaiwa pande zote mbili za mstari ule wa rangi, na lami inapoa.

Lami ikipoa ndani ya tanki ni jiwe. Madereva wakawasha bana, kichomeo cha tanki, usiku ili isigande. Ikipoa tena, bana tena. Nililala kwenye pikapu siku tatu za kwanza, harufu ikaingia kwenye shati, kwenye mkate, kwenye ndevu. Dereva mmoja, mzee wa Changamwe, alikuwa akigonga tanki kwa spana na kusikiliza, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Usiku wa nne akaniambia, "Hii imeshapikwa hii. Mnachoma tu." Sikumsikiliza, mimi ndiye niliyesoma.

Siku kumi na moja. Barua ya Hazina ya jirani ilipotoka, maabara wakatia sindano yao. Inapaswa kuingia kati ya 60 na 70, wakasoma 43: imekuwa ngumu mno. Matanki mawili yakakataliwa palepale. Mkandarasi akaleta madai ya mashine iliyokaa bure. Mkopeshaji akajibu kwa sentensi moja: matumizi hayastahili kulipwa kwa mkopo. Mkuu wangu akaniita, akaweka ile barua mezani, kidole juu ya saini. "Ya nani?" Yangu. "Basi na lami ni yako." Mpaka leo wapo wazee bandarini wakiniona wanaita, "Bwana Lami! Shehena imefika?"

3. Himaya Moja ya Forodha inamaanisha kodi inakadiriwa na nchi mzigo unakokwenda, basi anza na ajenti wa kule, si wa huku.

4. Fidia kwanza, katapila baadaye. Na uhesabu minazi wewe mwenyewe, pamoja na mwenye shamba, akiona.

5. Kalenda. Bandika mbili ukutani. Saba Saba na Nane Nane wenzetu hawapo ofisini. Tarehe 20 Oktoba ni sisi hatupo. Desemba wao wana tarehe 9, sisi tuna 12, na zikiangukia vibaya hiyo wiki hakuna karatasi itakayosainiwa na watu wawili kwa siku moja. Kuna binti mwerevu kabisa aliyeitisha mkutano wa pamoja tarehe 26 Aprili, akakaa na maji ya chupa ishirini na sambusa za kutosha harusi, akisubiri wageni walioko kwenye sherehe za Muungano wao. Sambusa tulikula sisi.

6. Mizani. Kikomo cha Jumuiya ni tani 56, lori na mzigo wake, lakini pima na uzito wa kila ekseli, si jumla tu. Nondo ikiteleza nyuma mlimani, aliyepita mizani ya Mariakani atakamatwa mbele.

7. Salamu. Hili nawaambia hasa mliotoka bara. Ukimpigia mwenzio wa ng'ambo, usianze na "ile barua vipi?" Muulize za nyumbani, za kazi, za mvua. Dakika mbili. Mimi faili langu la lami lilikaa chini ya rundo siku sita, na nikikumbuka vizuri, yule dada wa miwani sikumsalimu.

8. Sekretarieti ya Ushoroba wa Kaskazini (njia ya mizigo kutoka bandari yetu kwenda nchi za ndani) ipo hapahapa Mombasa, makubaliano yake ni ya tangu 1985, nchi sita zimo, takwimu za safari ya mzigo kutoka bandarini hadi mpakani wanazo. Mnakwenda kutafuta Nairobi vitu vilivyo umbali wa tuktuk.

Nilikuwa na la tisa, kijana amepiga tena. Barua ya Hazina ya kule imeombwa leo, kwa njia yake. Malori yake, alhamdulillahi, yamebeba mabomba ya zege, hayaozi. Nimemwambia awanunulie madereva chai, aingie kwa yule afisa, na aanze na shikamoo.