Kabla ya kayaki, jua maji yanajaa saa ngapi

Mdau mmoja kaniandikia inboksi baada ya kuona picha za juzi, anauliza anunue kayaki gani na yeye apate samaki kolekole kama yule niliyemvua. Kaka, kayaki nunua yoyote inayokaa sawa majini. Ulichotakiwa kuuliza ni maji.

Juzi tulitoka marafiki wanne, tukaingilia Junda, kwenye kriki ya Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Ilikuwa maji mafu, yaani maji hayajai sana wala hayapwi sana, mwezi nusu. Siku hizo hapa Mombasa maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo ukiingia saa moja yanakubeba yenyewe mpaka mikokoni na samaki wanapanda na wewe, mikizi mbele wanarukaruka, kolekole nyuma wanawinda. Nikatia kamba mbichi kwenye ndoana, chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoana, ndogo kabisa maana hapo kina ni kifupi, nikatupa pembeni mwa mizizi nikatulia. Kolekole aliponyakua wallahi kayaki yenyewe iligeuka ikaanza kuvutwa! Sikushindana naye, akikimbia naachia mshipi, akipumzika navuta, hivyo hivyo mpaka akalala ubavu. Wenzangu wakapata changu na tafi, na maji yalipoanza kutoka tukarudi nayo, kafi tunagusa tu.

Nimefurahi sana, na nina sababu. Kuna wenzangu wengine waliniita mwoga kwenye grupu la WhatsApp, mbele ya watu, kwa vile nilikataa kutoka nao Jumamosi moja ya bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Niliwaeleza vizuri tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa saa kumi alfajiri na kupwa saa nne asubuhi, sasa wewe unaingia saa kumi na mbili na jua lako zuri, maji yako njiani kutoka. Wakacheka wakaenda. Saa tatu na nusu napigiwa simu, wamekwama kwenye tope, mmoja ameshashuka na chaza wamemkata mguu. Nikawaambia wakae juu ya kayaki wajifunike vichwa, wangoje. Maji yaliwarudia saa saba, jua limeshawachoma. Mpaka leo hakuna aliyeniambia hata pole kwa lile neno, na bado linaniuma.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kuvua kwa kayaki, na najua mko wengi, jifunzeni kuhesabu mwezi. Tarehe saba nane na ishirini na moja ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu, hapo ndio maji mafu, panga safari yako hapo. Hujui tarehe, nenda kwa wazee wa mitumbwi uwaulize kwa adabu, hawa wamelishwa na bahari hii tangu utotoni na hawakunyimi jibu. Usiende na mtu asiyeuliza maji, hata kama ni rafiki yako wa chanda na pete. Ukiitwa mwoga, itwa, baki nyumbani. Jaketi ya kuokolea vaa kifuani, sio kuikalia kama mto, na simu ifunge kwenye mfuko usioingia maji. Na upepo wa kusi ukianza kuvuma, vua ndani ya mikoko, usipite Daraja la Nyali kuelekea mlango wa bahari.